Ufini ipo, na si bahari

Kuna madai yanayozunguka mtandaoni kwamba Ufini haipo. Eti panapoonyeshwa kwenye ramani ni maji matupu, na nchi yenyewe ilibuniwa na Japani na Muungano wa Kisovieti ili Wajapani wavue samaki humo bila kubughudhiwa. Eti samaki hao husafirishwa kwa reli ya Siberia, huku simu za Nokia zikiwa kisingizio cha mizigo hiyo. Madai hayo yalianza kama mzaha miaka ya 2010, na Wafini wenyewe huufurahia. Ninaloliona baya ni watu kukutana na kipande tu cha hadithi, bila chanzo chake, wakabaki na shaka ya kweli.

Nenda Tornio, mpakani na Uswidi. Mnara wa kanisa la Alatornio ulikuwa kituo kimojawapo cha upimaji wa mwanaastronomia Struve, uliofanyika kati ya 1816 na 1855 kutoka Norwei hadi Bahari Nyeusi, ili kujua umbo na ukubwa wa dunia. Wapimaji walihitaji ardhi imara ya kusimamisha vyombo vyao, na hapo Muungano wa Kisovieti ulikuwa bado haujazaliwa.

Tena bahari ndiyo inayorudi nyuma. Kwenye visiwa vya Kvarken, pwani ya magharibi ya Ufini, ardhi huinuka karibu sentimita moja kila mwaka, kwa kuwa uzito wa barafu ya kale umeondoka.

Na Tanzania ilimpokea balozi wa Ufini, Martti Ahtisaari, aliyehudumu Dar es Salaam kuanzia 1973. Baadaye akawa rais wa nchi yake, na mwaka 2008 akatunukiwa Nobel ya Amani.