Obama wa Springfield: tunayoyaamini na yaliyotokea

Nchini Kenya, jina la Obama liligeuka la bia kabla halijawa la rais. Wanywaji walikuwa wakiagiza "Obama", wanaletewa Senator Keg. Wakati huo Kenya yenyewe haikuwa na Seneti (ilivunjwa 1966, ikarudi na katiba ya 2010), kwa hiyo si ajabu kwamba watu wengi walichanganya mambo. Kabla ya Washington kulikuwa na Springfield, mji mkuu wa jimbo la Illinois, na habari za huko hupotoshwa sana.

"Alianza kuwa seneta wa Marekani 1997."

Hapana. Januari 1997 aliapishwa katika Seneti ya jimbo la Illinois, yenye viti 59, akiwakilisha sehemu ya kusini mwa Chicago. Seneta wa kaunti Kenya hukutana na wenzake Nairobi. Marekani kila jimbo lina bunge lake, na karibu yote yana Seneti. Kwenda Washington ni uchaguzi mwingine kabisa.

"Kiti cha kwanza alikipata kwa kuwabwaga vigogo kwenye sanduku la kura."

Hadithi hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, aliyetaka kwenda Bunge la Marekani na kumuunga mkono Obama amrithi. Novemba 1995 Palmer akashindwa na Jesse Jackson Mdogo, akabadili nia, akakitaka tena kiti chake. Obama alikataa kumpisha.

Kuingia kwenye mchujo wa chama kulihitaji sahihi 757 za wapiga kura wa eneo hilo. Wagombea huru wa Kenya wanaijua kazi hiyo. Watu wa Obama walizipitia karatasi za wapinzani mstari kwa mstari, wakizilinganisha na daftari la wapiga kura: huyu hakujiandikisha, huyu anwani yake iko nje ya eneo, huyu ameandika jina kwa herufi za chapa badala ya kutia sahihi. Pingamizi zikawekwa. Wapinzani wote wanne wakatoka, Palmer akiwemo, na Machi 1996 Obama akawa peke yake kwenye mchujo. Katika eneo lenye Wademokrati wengi namna ile, uchaguzi wenyewe wa Novemba ulikuwa kukamilisha taratibu tu. Kisheria hakukosea. Ila anayetaka malaika asianzie hapa.

"Aliposhindwa mwaka 2000 alipoteza kiti."

Alishindwa kweli, tena vibaya: Bobby Rush, mbunge aliyekuwa akikishikilia kiti hicho, alimzidi kwa kura mbili kwa moja katika mchujo wa Bunge la Marekani. Lakini maseneta wa Illinois hawachaguliwi wote kwa pamoja. Mihula yao huwa ya miaka minne au miwili, kwa kupishana. Muhula alioupata 1998 ulikuwa wa miaka minne, basi akajaribu bahati na kurudi kwenye kiti chake.

"Alikwepa kura ngumu kwa kusema 'nipo'."

Alipiga kura ya "nipo" takriban mara 130 kati ya kura 4,000 hivi. Muswada pale unahitaji kura 30 za ndiyo, hata wakiwepo maseneta wangapi ukumbini. "Nipo" haiongezi ndiyo hata moja, kwa hiyo inaubana muswada sawasawa na hapana. Watetezi wa haki ya kutoa mimba walikubaliana na baadhi ya maseneta, Obama akiwa mmoja wao, waitumie hivyo. Zipo pia chache alizopiga peke yake, na kwa hizo waliomuuliza walikuwa na haki.

"Alipitisha sheria kwa ufasaha wa kusema."

Miaka sita ya kwanza chama chake kilikuwa cha wachache, na ufasaha ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni ramani ya maeneo ya uchaguzi. Mwaka 2001 vyama viwili, Democratic na Republican, vilishindwa kukubaliana mipaka mipya, na katiba ya Illinois inasema hapo jina la mjumbe wa kuamua liokotwe kwa bahati nasibu. Likatoka la Mdemokrati. Uchaguzi wa 2002 ukageuza wingi, Emil Jones akawa rais wa Seneti, na Obama akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Mwaka 2003 muswada wake wa kuwataka polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji ulipita bila seneta hata mmoja kuupinga, baada ya mazungumzo marefu na polisi wenyewe.

"Hotuba ya Boston ndiyo iliyompa useneta wa Marekani."

Hotuba hiyo, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, ilikuwa Julai 2004. Mchujo alikuwa ameshaushinda Machi, kwa takriban asilimia 53 katika kundi la wagombea saba, na Juni mpinzani wake wa Republican, Jack Ryan, alijiondoa. Alan Keyes aliletwa kutoka Maryland mwezi Agosti akaambulia asilimia 27. Obama akapata 70, ndipo akajiuzulu kiti cha Springfield.