Sevu 652 hazitoshi kumpima Rivera

Baada ya isha, barazani petu Langoni, Lamu, wapo vijana wanaofuatilia besiboli ya Marekani kwenye simu. Mpwa wangu amempenda Mariano Rivera, aliyekuwa mrushaji wa akiba wa New York Yankees, yaani anayeingia mwishoni kulinda ushindi, na namwelewa: Rivera ni mtoto wa mvuvi, wa Puerto Caimito, pwani ya Panama. Juzi akaniambia, "Mjomba, mtu ana sevu 652, hakuna aliyemfikia. Kuna ubishi tena?"

Ubishi upo. Rivera ni bora kweli, ila hiyo 652 siyo inayotuonyesha ubora wake. Kuna dhana nne zinazotupotosha.

Dhana: sevu ya besiboli ni kama ya kipa. Kipa huruka akauzuia mpira usiingie wavuni, sote tukaona. Sevu ya mrushaji wa akiba hupatikana kwenye hesabu. Mara nyingi anaingia raundi ya tisa, ya mwisho, timu ikiongoza kwa pointi zisizozidi tatu, anamaliza mchezo, basi. Akiingia na pointi tatu mbele akafungwa mbili, sevu anaandikiwa vilevile. Tarehe 22 Agosti 2007 Texas Rangers waliwafunga Baltimore Orioles 30 kwa 3, na Wes Littleton akapewa sevu, kwa sababu alirusha raundi tatu za mwisho na kanuni inaruhusu. Mwenzake anayeingia raundi ya saba, vituo vyote vimejaa wakimbiaji, timu inaongoza kwa pointi moja, akawatoa wapigaji watatu kisha akampisha mwingine, hapati sevu. Mimi huyo wa pili ndiye ningemlipa.

Dhana: wastani mdogo maana yake hafungwi. Wastani huu ni pointi anazohesabiwa mrushaji, bila zile za makosa ya wenzake uwanjani, kwa kila raundi tisa. Tatizo ni nani anahesabiwa. Mrushaji wa kwanza ameacha wakimbiaji watatu vituoni. Wa akiba anaingia, mpira wake wa kwanza unapigwa, wakimbiaji wawili wanafika nyumbani, yaani wanafunga pointi. Pointi zote mbili anaandikiwa yule aliyekwisha toka! Wa akiba akiwatoa wapigaji watatu wanaofuata, usiku ule wastani wake ni 0.00. Ni kama nahodha anayepokea sukani mbele ya Shela, mashua tayari ina maji: ikizama, lawama ni za aliyeshuka. Kwa hiyo mtafutie na hesabu ya pili, ya wakimbiaji aliowakuta na wangapi kati yao walifika nyumbani. Ipo, ila wachache huisoma.

Dhana: msimu mmoja mbaya, amekwisha. Piga hesabu. Mtu wa raundi 60 aliyefungwa pointi 15 ana wastani wa 2.25. Mwongezee usiku mmoja mbovu wa pointi 5, inakuwa 3.00. Mrushaji anayeanza mchezo, mwenye raundi 180, pointi hizo tano zinamwongezea 0.25 tu. Wa akiba mtazame kwa miaka.

Dhana: raundi chache, thamani chache. Hii ndiyo iliyomchelewesha Billy Wagner, mrushaji mwingine wa akiba. Ana raundi 903 na wastani wa 2.31, lakini aliingia kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 2025 tu, katika kura yake ya kumi na ya mwisho. Raundi za mtu kama yeye huja mchezo ukiwa umekaza, na pointi moja ya wakati huo haiwi sawa na pointi ya raundi ya pili.

Nikamrudia mpwa wangu na Rivera wake. Wastani wake ni 2.21 kwa raundi zaidi ya 1,280, na hiyo ni kazi ya tangu 1995 hadi 2013. Kisha nikampa mechi za mtoano: raundi 141 zilizotawanyika katika miaka 16, mbele ya timu kali, pointi 11 alizohesabiwa. Akazidisha kwa tisa, akagawa kwenye simu yake: 0.70. Akaitazama sana.

"Na wakimbiaji aliowakuta vituoni, mjomba, walifika nyumbani wangapi?"