"Tumeshaiweka GitHub, tulale": dhana potofu kuhusu kutunza miongozo ya programu huria

"Kikishapanda mtandaoni hakipotei."

Waulize waliokuwa wakitumia Gentoo, mfumo endeshi wa aina ya Linux, mwaka 2008. Walikuwa na wiki isiyo rasmi, yaani tovuti ya miongozo ambayo watumiaji wenyewe huiandika na kuihariri, na wengi waliitegemea. Data zake zikapotea, na nakala rudufu kamili haikuwapo. Watu wakahamia kwenye kache ya Google, nakala za muda za kurasa ambazo Google ilikuwa imezipitia, kuokota ukurasa mmoja mmoja kabla haujafutika. Walichookota kilikuwa HTML, yaani ukurasa kama ulivyoonekana, si matini ya wiki inayoharirika. Ni sawa na kupewa picha ya pilau ilhali uliomba mapishi.

Kwa hiyo anayeniambia "Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, si ipo?" namjibu: ipo, na inafanya kazi ya heri, ila inatunza kile ambacho roboti wake, programu inayozunguka mtandaoni ikinakili kurasa, alikiona siku aliyopita.

"Nakala rudufu tunayo."

Ya aina gani? Chukua MediaWiki, programu inayoendesha wiki nyingi, Wikipedia ikiwemo. Ukiendesha dumpBackup.php, amri yake ya kutoa nakala, kwa --current, unapata toleo la mwisho tu la kila ukurasa. Ukiweka --full unapata mahariri yote pamoja na majina ya walioyafanya. Kwa kawaida, vyote viwili vinakupa faili ya XML yenye maandishi tu. Picha zinabaki kwenye folda ya images na ni juu yako kuzikopi. Ukisahau, siku ya kurejesha kurasa zitarudi zote, na kila penye mchoro pana kiungo chekundu, alama ya kitu kisichopo.

"Leseni ni huria, majina ya nini tena?"

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. MDN ya Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ile miongozo ya HTML, CSS na JavaScript ambayo karibu kila mtengeneza tovuti ameshaifungua, iko chini ya leseni huria ya CC BY-SA. Ruhusa ya kunakili inakuja na sharti: walioandika watajwe. Desemba 2020 miongozo hiyo ilihamishwa kutoka kwenye wiki kwenda GitHub, tovuti ya kuhifadhi faili kwa Git, programu inayorekodi nani alibadilisha nini na lini. Ukiitazama Git peke yake, utadhani maelfu ya kurasa yaliandikwa siku moja. Dawa yao ilikuwa faili moja, _wikihistory.json, inayoonyesha kila ukurasa, tarehe ulipohaririwa mara ya mwisho kwenye wiki, na orodha ya wachangiaji wake. Haina mvuto hata kidogo, lakini mimi naihesabu kuwa sehemu yenye uungwana kuliko zote katika uhamisho ule.

"Kupanga upya ni kuhamisha kurasa tu."

MDN imehama mara nyingi. Sehemu ya mizizi yake ni DevEdge, tovuti ya miongozo ya kampuni ya kivinjari ya Netscape, iliyofungwa na AOL, mmiliki wa Netscape, mwaka 2004; Mozilla ikapata kibali cha kuyatumia maandishi yake mwaka 2005 na kuyaweka kwenye MediaWiki. Mwaka 2008 wakahamia programu nyingine ya wiki, MindTouch Deki, 2012 Kuma, wiki yao wenyewe, kisha GitHub. Muda wote huo watu walikuwa wakibandika anwani za kurasa hizo kwenye vitabu, kwenye majibu waliyopeana, hata kwenye maoni ndani ya kodi. Ndiyo sababu ya faili nyingine, _redirects.txt: kila mstari una anwani ya zamani na anwani mpya, basi. Bila mstari huo, ukurasa unaweza kuwa mzima kabisa, lakini kwa aliyeshika anwani ya zamani ni marehemu.

Halafu kuna suala la kuunganisha kurasa "zinazofanana". Miongozo ya Django, zana huria ya kujengea tovuti kwa Python, imegawanywa makundi manne: mafunzo ya hatua kwa hatua, maelezo ya mada, marejeo, na namna ya kutekeleza kazi fulani. Kurasa mbili zinaweza kuzungumzia fomu zilezile, moja kwa anayejifunza leo, nyingine kwa fundi aliyesahau jina la kigezo. Ukizichanganya, wa kwanza anazama na wa pili anapekua.

"Ya zamani ifutwe, inapotosha."

Inapotosha ikikaa bila alama. Django huacha miongozo ya matoleo ya zamani na kuweka onyo juu ya ukurasa kwamba toleo hilo si salama na haliungwi mkono tena. Anayelea mfumo wa ofisi uliojengwa miaka kumi iliyopita anaihitaji kuliko sisi.

"Ikiwa kwenye Git, imehifadhika."

Faili zimehifadhika, sawa. Agosti 2020 Mozilla ilipunguza wafanyakazi, wakiwemo waandishi wa MDN, na mwaka 2021 ikaundwa Open Web Docs, kundi la kufadhili waandishi wa miongozo ya wavuti, ili kazi ya kuandika isife. Kwenye tafsiri hali ilikuwa ngumu zaidi. Baada ya kuhamia GitHub, tafsiri ziligandishwa kwa sababu hapakuwa na wa kuzikagua, na mwaka 2021 lugha nyingi zikaondolewa kwenye tovuti. Zilizobaki ni zile ambazo watu walijitokeza wakasema: hii tutaiangalia sisi.