"Ala za zama zake" maana yake nini? Si lazima iwe kuukuu

Tuanze na kitendawili. Kuna fidla iliyotengenezwa na Stradivari kule Cremona, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1700, leo inapigwa na staa kwenye ukumbi mkubwa. Halafu kuna gamba, ala ya nyuzi ya Ulaya inayopigwa kwa upinde, lililotoka kwa fundi mwaka jana tu, bado linanuka vanishi. Ipi kati ya hizo mbili ni ala ya zama zake? Mara nyingi jibu ni hiyo ya mwaka jana, na ukishaelewa kwa nini basi dhana nzima umeipata.

Iko hivi, fidla za Stradivari karibu zote zilifumuliwa baadaye, hasa karne ya 19, kumbi zilipokuwa kubwa na watu wakataka sauti ya kufika mpaka siti za nyuma. Shingo ikang'olewa ikawekwa nyingine ndefu kidogo na iliyolala nyuma zaidi, ule mti wa ndani unaobeba upande wa nyuzi nene ukabadilishwa ukawekwa mnene, kisha karne ya 20 nyuzi za utumbo wa kondoo zikaanza kupisha za chuma. Ni kama nyumba ya Mji Mkongwe, kuta zilezile za mawe lakini ndani umemwaga zege na kufunga AC. Lile gamba la mwaka jana fundi kalipima kutoka gamba la zamani, kalifunga nyuzi za utumbo, kila kitu kama alivyokijua mtu wa enzi hizo. Kwa hiyo neno "zama" haliulizi ala ina umri gani, linauliza imeundwa na inapigwa kwa utaratibu wa wakati gani.

Gamba lenyewe sasa, na kabla hujacheka, hili si lile la kujivua. Ni neno la Kiitaliano, maana yake mguu, kwa sababu ala unaibana katikati ya miguu. (Wala halina udugu na gambusi la Lamu, majina tu yamegongana.) Wengi wakiliona wanadhani ni bibi yake chelo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, hapana. Lina nyuzi sita, kwa Wafaransa saba, na shingoni lina freti, ile mistari ya kukandamizia nyuzi, kama gitaa, ila freti zake ni vipande vya utumbo vilivyozungushwa na kufungwa fundo, unaweza kuzisogeza. Upinde unashikwa kiganja kikiangalia juu, ndiyo maana mkazo unakuja ukisukuma, wakati mpiga fidla mkazo wake uko kwenye kuvuta. Inaonekana kitu kidogo lakini inabadilisha wimbo mzima unavyotembea.

Mwenzake kwenye duo, yaani wakipiga watu wawili, mara nyingi ni mpiga luti, na hapa sisi watu wa pwani tuko nyumbani kabisa. Luti ni udi. Waarabu walifika nao Hispania na Sicilia, Wazungu wakauchukua na jina lake wakalivuruga, baadaye wakaongeza freti, na kuelekea mwisho wa karne ya 15 wengi wakaacha risha wakaanza kupiga kwa vidole ili waweze kupeleka sauti mbili tatu kwa mpigo. Aliyekaa karibu na mpiga udi wa taarab akaona lile tumbo la mviringo na kichwa kilichokunjwa nyuma, akiiona luti anaijua mara moja. Mwishoni mwa karne ya 16 ikaja teobo, ambayo ni luti iliyorefushwa shingo ili ipate nyuzi za besi, nyingine zinakaribia mita mbili, inaonekana kama mtu kapakata mlingoti wa jahazi.

Sasa hawa wawili wanapatanaje bila kondakta wa kuwaongoza? Gamba linabeba wimbo, teobo inashika besi, lakini karatasi ya teobo haina kila kitu. Ina mstari mmoja wa besi na tarakimu chache. Mfano kwenye noti E pameandikwa 6, basi anahesabu kuanzia hiyo E mpaka ya sita anaangukia C, katikati anatia G, akodi, yaani noti kadhaa za kulia pamoja, imepatikana. Aitandaze vipi, aivunje noti moja moja au aikung'ute yote pamoja, aiache ikae kimya kidogo, hiyo ni akili yake usiku ule. Kwa hiyo ukiwasikia wawili hao leo na kesho, wimbo ni uleule ila hautasikika sawasawa. Mimi hapo ndipo ninapopapenda, maana watu wanasema muziki huu ni wa makumbusho wakati nusu yake inapikwa palepale jukwaani.

Nyimbo zenyewe kwa kawaida ni za kabla ya 1750 hivi. Wafaransa ndio walioliendekeza gamba kuliko wote. Mpiga gamba Sainte-Colombe aliacha vipande 67 vya magamba mawili yenye hadhi sawa, hakuna bosi wala msindikizaji, na mwanafunzi wake Marin Marais akatoa vitabu vitano, cha mwisho mwaka 1725, ndani yake kuna kipande kinachosimulia mtu anavyopasuliwa kutolewa jiwe kibofuni, enzi ambazo ganzi haipo, na maelezo yameandikwa juu ya noti, mgonjwa anatetemeka, anafungwa kamba, unajikuta umebana miguu mwenyewe.

Baadaye ala hizi zikasahaulika. Waliozifufua ni watu kama Arnold Dolmetsch, aliyekuwa anaunda luti na magamba kwa mikono yake na akaanzisha tamasha Haslemere, Uingereza, mwaka 1925, na 1933 Basel, Uswisi, ikapata shule yake ya kazi hiyo. Hata tuni ni makubaliano ya watu wa leo. Noti A ya kawaida sasa ni hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, wapigaji wa ala za zama zake wanashuka mpaka 415, muziki wa Kifaransa mara nyingi 392, wakati zamani kila mji ulikuwa na yake.

Ukienda kuwasikiliza kaa mbele, sauti ni ndogo. Na usikasirike kila baada ya vipande viwili wakisimama kutuni, utumbo unakunywa unyevu wa hewa, watu wakijaa ukumbini na jasho lao nyuzi zinahama. Mtunzi wa Kijerumani Mattheson wa Hamburg aliwahi kuwatania wapiga luti, kwamba mpiga luti akifika miaka 80 basi 60 kaimaliza kwenye kutuni. Na hiyo ni Hamburg, sio Tanga mwezi wa pili.