Salongo ya kung'oa alizeti ya pori: kukata haina kumaliza

Bandugu ba Lubumbashi, mvua ikianza tu, simu yangu nayo inaanza kulia. Vijana ba kartie, bamama ba kanisa, baetidia, wote swali ni moja: "Docta, siku ya posho tunafanya salongo, tufyeke wapi?" Nafurahi kweli, juu mu kitengo chetu cha mimea tuko batu bachache sana kwa mji mukubwa hivi. Lakini mbele ya kuuliza wapi, uliza kwanza lini, na yale majani yakishatoka yataenda kulala wapi.

Nasema hivi juu kosa hii niliifanya mimi mwenyewe, ningali mupya mu hii kazi. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa ine, mvua inaaga, alizeti ya pori iko manjano kila fasi, tukakusanyika batu karibu sitini na makupekupe, nusu siku tu tukalaza kiwanja kizima, tukapiga picha, tukakunywa Fanta. Majani tukapakia ku pusipusi, tukapeleka kwa mutu fulani alikuwa anajaza shimo mu parsela yake. Mwezi wa kumi na moja nikapita kuangalia. Kila kisiki tulichoacha kilikuwa na machipukizi ine, tano, yanene kupita shina la zamani. Njiani, pale pusipusi ilikuwa inaruka mu mashimo, miche midogo ilikuwa imejipanga kabisa sawa mutu aliipanda kwa kamba. Na kule kwenye shimo lililojazwa, ni pori. Siku moja ya kazi, tumeipanda mara tatu.

Basi tujuane na huyu mugeni. Alizeti ya pori, kwa jina la kisayansi Tithonia diversifolia, inatoka Meksiko na Amerika ya Kati. Inapita kimo cha mutu bila shida, mita mbili, tatu. Jani lake liko na vidole vitatu mpaka vitano, ukilitafuna ni chungu sana. Kuna batu wanachemsha kwa malaria, mimi siko muganga, nasema tu homa ikikushika enda kwanza kupimwa damu ku kituo cha afya. Inapenda udongo uliochokorwa: kando ya barabara mupya, pembeni ya mufereji, parsela iliyonunuliwa na kuachwa bila kujengwa. Na mji wetu kwa kuchokora udongo, hakuna wa kutufundisha.

Wa pili ni lantana, Lantana camara, wazungu waliileta huku Afrika kwa ajili ya bustani juu maua yake yanapendeza, kichwa kimoja kiko na manjano, machungwa na pinki pamoja. Ukiponda jani, harufu kali inakupiga puani. Shina lake iko na pembe ine na miiba midogo, matunda mabichi ni kijani, yakiiva ni meusi. Muwakataze batoto kula yale mabichi, na mbuzi au ngombe akila majani mengi anaweza kuugua ini, ngozi yake inaungua na jua. Ndege ndio wanabeba mbegu, njo maana utaikuta imeota chini ya muti pale hakuna mutu alipanda kitu. Shirika la IUCN, lile la dunia la kulinda viumbe, liliiweka ku liste ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, pamoja na lile gugu la maji lenye maua ya zambarau linaloziba mito.

Sasa kuna mutu ataniuliza, docta, kwani kila mugeni ni mubaya? Apana. Mahindi ya bukari yetu yametoka kulekule Meksiko, muhogo wa sombe nao Amerika, na ile jakaranda inafunika avenyu zetu na zambarau kila mwezi wa kenda na wa kumi nayo ilivuka bahari. Mugeni si shida. Shida ni mugeni anayefunga mulango nyuma yake. Alizeti ya pori ikisimama bega kwa bega, chini ni giza, muche wa muti wa hapa hauoni jua, hauendi mbele. Na miti ya miombo njo inalisha vinkubala tunavyouza na kula, njo inatupatia masuku na mipundu. Ripoti ya IPBES, jopo la wataalamu wa dunia juu ya viumbe hai, ya mwaka 2023 ilihesabu zaidi ya spishi 37,000 zilizopelekwa na batu mu nchi si zao, na kati yake zaidi ya 3,500 ni vamizi. Ile 3,500 njo kazi yetu, zingine muziache.

Kazi yenyewe inataka udongo umelowa. Mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, asubuhi kisha mvua ya usiku: muche wa urefu wa goti unatoka na mizizi yote kwa mukono moja, unasikia "pwaa", imeisha. Ile mikubwa, musiikate chini kabisa. Kateni kwa kimo cha goti, ile iliyobaki njo mushikio wenu, moja anavuta, mwenzake anachimba na jembe kuzunguka shingo ya mizizi mpaka yote inatoka. Ile shingo njo moyo, ikibaki mu udongo unarudi hapo tena. Mukisha itoa, muitundike ku tawi ao muiweke juu ya mawe, mizizi ikiangalia juu, jua liikaushe. Shina la alizeti ya pori likilala ku udongo wa maji linaota, hata kipande tu, musiache vipande.

Moto nakataa. Mu kiangazi miombo inaungua bule tayari, na lantana ikiungua juu, chini inacheka, inachipuka upya.

Ku kingo za muto, polepole. Musitoe yote siku moja, maji yatakuja kubeba udongo. Toeni kipande, pandeni majani ya kushika udongo ao muche wa muti wa hapa, kisha kipande kingine. Na mbele ya kuingia, mutu anayejua mimea apite kwanza, afunge kitambaa chekundu ku kila muche wa kubaki. Nimeona kikundi kimoja kinang'oa mipundu midogo kwa furaha yote, wanadhani ni takataka, nilikosa hata la kusema. Kiwanja cha mji, ombeni ruhusa kwa bugumesta, na ndani ya hifadhi za Upemba ao Kundelungu hamuingii bila ruhusa ya ICCN, shirika la serikali la kulinda hifadhi.

Majani laini ya alizeti ya pori, yale ambayo hayajatoa ua, usiyatupe. Huko Kenya ya magharibi watafiti walipima alizeti ya pori: majani makavu yako na naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu 4, vyote ni chakula cha mimea. Mama mwenye bustani ya lengalenga ao matembele anaweza kuyakatakata na kuyafunika mu udongo, yanaoza haraka kuliko majani mengi. Wengine wanayaloweka mu pipa wiki mbili wanamwagia kama mbolea ya maji, inafanya kazi, lakini harufu yake, wee, jirani atakuja kugonga. Ukiona ua limefunguka, basi hiyo haiendi bustani: funga mu mufuko mweusi, iache ku jua mpaka ioze ndani.

Kisha rudini. Wiki tatu, kisha mwezi, kisha mwaka kesho mvua zikianza, juu mbegu zingine zinalala mu udongo zinangoja. Mimi afadhali batu kumi wanaorudi mara ine kuliko mia moja wa siku moja.

Kwa wale watanipigia hii juma: tukutane asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mbele jua halijakausha udongo. Leteni buti juu ya nyoka, glavu, majembe mengi, mifuko. Kupekupe, moja tu inatosha.