Kutazama bahari si kupata upepo: kwa wanaokuja kustaafia Pwani

Ombi limekuja tena, karibu neno kwa neno kama yaliyolitangulia: "Tunatafuta nyumba ya kustaafia, Nyali au Kilifi, ghorofa ya juu kabisa, inayotazama bahari, tupate upepo." Safari hii ni mwalimu mstaafu na mkewe kutoka Nyeri. Kabla yao alikuwa mtu wa benki, na kabla yake muuguzi aliyemaliza ujana wake Uingereza na sasa amechoka na baridi. Mimi hukagua majengo kabla mnunuzi hajatoa pesa, na nikisoma "inayotazama bahari, tupate upepo" presha hunipanda. Kiinua mgongo hulipwa mara moja. Mtu anakitia chote kwenye nyumba ambayo ikifika Machi itamwamsha saa nane za usiku, akae kitandani akijipepea kwa gazeti.

Sikilizeni. Upepo huingia penye pa kutokea. Puliza ndani ya chupa uone pumzi yako itafika wapi. Ghorofa nyingi mpya za Pwani zimepangwa hivi: ujia katikati, milango kushoto na kulia, na kila nyumba ina madirisha upande mmoja tu. Upande huo ukiwa wa bahari, dalali anapandisha bei. Ukuta wa nyuma umepakana na ujia, na mlango wake ni mzito, unajifunga wenyewe. Kusi, ule upepo wa baharini wa katikati ya mwaka, inapiga kioo, inazunguka jengo, inakwenda zake. Dalali anajua, ndiyo maana anakupeleka moja kwa moja hadi roshani na kukuacha hapo. Kwenye roshani kofia inaruka. Rudi hatua tatu ndani, simama kando ya kochi: pazia limetulia tuli.

Ndiyo sababu nabeba kijiti cha udi. Nakiwasha chumba cha kulala, maana sebuleni unaweza kukaa mlangoni, unaweza kushuka chini barazani, lakini kitandani huna pa kukimbilia. Nafungua dirisha na mlango wa chumba, kisha natazama moshi. Ukipinda na kutoka mlangoni, chumba kinapumua. Ukipanda wima hadi darini na kutanda pale, nimeshapata jibu langu. Walinzi wa majengo wamenizoea; mmoja huuliza kila nikifika, "Mama, leo hapa kuna majini wangapi?" Yule mwalimu aliutazama moshi uliogoma kutoka, akasema, "Mwanangu, mbona pale nje upepo ulikuwa mwingi?" Nikamwuliza, "Mzee wangu, kwani utalala roshani?" Mkewe alicheka. Yeye hakucheka.

Waliojenga Pwani zamani walilijua hili bila digrii. Nyumba ya kale ya mawe kule Lamu imejigeukia ndani: una daka, yaani ukumbi wa mlangoni, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha misana, vyumba virefu vinavyofuatana. Nyingi zimeelekezwa kaskazini, kwenye kibla, kwa hiyo kuta ndefu hazipigwi na jua la alasiri. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, chini ya mita tatu hivi, na chumba chembamba hewa hukivuka upesi. Sisemi ujenge ya namna hiyo. Fundi wa chokaa anayejua kazi yake siku hizi utampata kwa bahati, na bei atakayokutajia utakaa chini.

Halafu kuna suala la majira, na hapa ndipo wabara wanaponichosha kabisa. Wanakuja kutazama nyumba Julai au Agosti. Julai kusi inavuma, mchana joto halizidi sana nyuzi 28, na usiku hata sisi wenyeji tunatafuta shuka. Kila nyumba ni nzuri Julai. Ungeniuzia kontena Julai, ningelisifu. Kaskazi ikiingia Disemba mambo bado yanavumilika mchana, kwa sababu ni upepo unaovuma kweli. Shida ni tanga mbili, Machi kuelekea Aprili, kaskazi imekata na kusi haijashika. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa katikati ya Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Mchana hufika nyuzi 33, usiku hewa haishuki chini ya 25 kwa urahisi, na unyevu ni mwingi kiasi kwamba jasho linatiririka bila kukauka. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Kwa kijana ni kero. Kwa mzee wa miaka 75 anayemeza dawa ya presha ya kukojoza, na ambaye mwili wake haumkumbushi kiu kama zamani, ni jambo la daktari.

Jua la utosini linapiga paa kuliko ukuta, na hapa ndipo "ghorofa ya juu kabisa" inapoanguka. Kama juu yako kuna slabu tupu iliyopakwa lami, zege linakula jua mchana kutwa na kulitapika usiku, juu ya kitanda chako. Panda juu ujionee. Kukiwa na paa la pili la vigae au mabati na nafasi ya hewa kati yake na slabu, sawa. Kama hakuna, shuka ghorofa moja au mbili. Utapoteza kipande cha bahari na utapata usingizi.

Kuhusu pande: ukuta mrefu wenye madirisha utazame kaskazini na kusini, ukuta mfupi usio na kitu utazame magharibi. Ukipata hivyo, kaskazi na kusi zote mbili zitakukuta, kwa sababu moja hutoka kaskazini mashariki na nyingine kusini mashariki. Nyumba za kando ya mikono ya bahari, Mtwapa au Kilifi, zile zinazosifiwa kwa machweo, zichunguze mara mbili. Machweo hukaa robo saa. Ukuta uliopigwa na jua tangu saa nane mchana hukaa na joto lake hadi usiku wa manane. Nikiri lakini kwamba hapa kanuni yangu ina tundu. Umande, ule upepo hafifu wa nchi kavu, huja alfajiri kutoka magharibi, na nimeingia nyumba ambazo dirisha dogo la magharibi ndilo lililokuwa likiokoa chumba saa kumi za usiku. Kwa hiyo sisemi magharibi pazibwe kabisa. Dirisha dogo, lenye kivuli, la kufunga mchana na kufungua usiku. Dogo kiasi gani, sijui. Nakisia kila mara, na wenzangu wanakisia vile vile ingawa ripoti zao zinaandikwa kwa uhakika mkubwa.

Na mbu je? Vitabu vya ubunifu wa majengo vina michoro mizuri ya mishale ya upepo ikipita dirishani. Hakuna mchoro wenye wavu wa mbu, nondo za kuzuia wezi na pazia zito alilochagua binti yako. Wavu hupunguza upepo sana, hasa upepo wenyewe ukiwa mdogo, yaani siku zile zile unazouhitaji. Kuuondoa siwezi kukushauri, malaria bado ipo. Mimi huwaambia watu waweke chandarua kitandani na panka juu yake, wavu kwenye madirisha ya chumba cha kulala tu, na sebuleni wafunge milango jua linapozama. Si jibu safi, ila ndilo nililo nalo. Kitu kingine kinachoua upepo ni ukuta wa ua. Nyumba za chini kwenye mitaa ya geti huzungushiwa ukuta wa futi nane, halafu mwenyewe anashangaa. Ukuta wenye matundu unazuia macho na kuruhusu hewa, na mafundi wa Pwani wanaujua tangu zamani.

Mstari wa kwanza sasa, yaani nyumba zilizo ufukweni kabisa. Upepo unaoupenda unabeba chumvi. Tazama bawaba za madirisha, tazama skrubu za soketi, pitisha kidole chini ya reli ya roshani. Reli ya chuma cha pua cha daraja la 304 ikiwa karibu na mawimbi itaota madoa ya kahawia. Ya 316 huvumilia zaidi, na ni ghali zaidi, kwa hiyo mjenzi aliyejenga ili auze hakuiweka. Hayo ni madogo. Kubwa ni slabu ya roshani kwa chini. Gonga kwa mpini wa nyundo: ikilia kama ina uvungu, nondo zimeanza kuota kutu ndani, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma, inasukuma zege hadi linabanduka mapande. Karibu na bahari nondo zinataka kufunikwa kwa zege la milimita 40 au zaidi. Nimeona nondo ambazo ungeweza kuzihesabu kwa kupapasa plasta. Wakikuambia "tutapaka rangi", ondoka. Nyumba ya mstari wa tatu, nyuma ya miti, hudumu kuliko ya kwanza kwa tofauti ambayo bei haiionyeshi.

Maji: onja ya mferejini. Usiniulize kwa nini, onja. Mombasa hupokea maji kutoka Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, na hayatoshi, kwa hiyo majengo mengi huchanganya na kisima, na kisima cha karibu na bahari kina chumvi. Chumvi hiyo itakula hita, mashine ya kufua na mabomba. Uliza pia shimo la maji taka liko wapi na kisima kiko wapi, maana mwamba wa matumbawe una matundu tele na haumzuii yeyote kumtembelea jirani.

Sheria nitaipitia mbio kwa sababu hiyo ni kazi ya wakili. Asiye raia wa Kenya hupata ukodishaji wa ardhi usiozidi miaka 99, Katiba ya 2010, Kifungu cha 65. Jina la shemeji kwenye hati si ujanja, ni zawadi kwa shemeji. Mliokuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa mkachukua uraia wa nje zamani mkapoteza wa nyumbani, Katiba hiyo hiyo inawaruhusu kuuomba tena. Fanyeni hivyo kabla ya kununua. Na kwa ghorofa, ulizeni kama nyumba yenu ina hati yake yenyewe chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, au mnauziwa ahadi.

Mtu mzima anunue nyumba kwa magoti atakayokuwa nayo baada ya miaka 10. Lifti ipo? Stima ikikatika, jenereta inaendesha lifti au taa za ngazi tu? Muulize mlinzi, si meneja. Ada ya kila mwezi ya matunzo ya pamoja inajumuisha akiba ya kubadilisha lifti, au kila mara mnachangishana? Anayetaka Diani akumbuke kwamba hospitali kubwa zenye madaktari bingwa ziko ng'ambo, na kuna feri ya Likoni kati yake nazo. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, imesaidia sana. Jaribu lakini safari hiyo usiku, ukiwa na saa mkononi, kabla ya kuhitaji kuifanya na mgonjwa kiti cha nyuma.

Ushauri wangu mmoja usiolipiwa: panga, usinunue, kuanzia Januari hadi Mei. Utaonja kaskazi, tanga mbili na masika kwa mkupuo mmoja. Masika ndiyo itakayokuonyesha ukungu wa kijani kwenye viatu vya ngozi na nyuma ya makabati, kwa hiyo yale mazulia ya sufu na makochi mazito waachie watoto bara. Katika miezi hiyo pia utajua kama mtaa una watu. Mitaa mingi ya geti hujaa Disemba na Pasaka, halafu hubaki walinzi, paka na wewe. Mtaa wenye duka la chapati, msikiti au kanisa la kutembea kwa miguu, na watu wanaokaa barazani jioni, mzee hupata wa kumuulizia asipoonekana siku mbili. Anza kwa kusalimia. Pwani salamu haikimbizwi. Ukiuliza bei ya samaki kabla ya hali, utauziwa samaki na bei utaiona.

Wale wafuasi wa upepo mtupu watanikasirikia, lakini kwa mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu mimi huandika kwenye ripoti: chumba kimoja kiwe na kiyoyozi. Panka halipozi chumba, linapoza ngozi, na kuna usiku wa Machi ambapo halitoshi. Tatizo ni kwamba nyumba nzuri ya upepo inavuja kila mahali, na chumba kinachovuja kinapoza mtaa kwa gharama yako. Kwa hiyo chagua chumba kidogo kuliko vyote, madirisha yake yafunge sawasawa, mlango uguse sakafu. Ile mashine ya nje iwekwe upande wa bara, kivulini, mahali fundi anaweza kuifikia kuiosha kwa maji matamu. Kwenye roshani ya bahari chumvi itaila, na dalali ataiweka hapo hapo roshani kwa sababu bomba lake ni fupi.