Kasha la kompyuta la mbao: pale ambapo bati halikwepeki

Mbao zinapendeza na hazivumi kama bati jembamba feni zinapozunguka. Lakini kasha la chuma lina kazi mbili linazozifanya kimyakimya ambazo mbao haziziwezi: kupitisha athi (njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja) na kutobadilika vipimo. Ndiyo maana naanza na kiunzi kidogo cha alumini, mbao zinakuja juu yake baadaye.

Bati la kubeba madabodi (bodi kuu ya kompyuta) liwe la mm 2. Kwa saizi za madabodi, Mini-ITX ni mm 170 kwa 170, Micro-ATX 244 kwa 244, ATX 305 kwa 244. Matundu ya spesa (viguzo vidogo vinavyoinua bodi juu ya bati) usiyapime kwa rula. Laza madabodi yenyewe juu ya karatasi, tia alama kupitia matundu yake, kisha hamishia alama hizo kwenye bati. Spesa zisipungue mm 6, maana ncha za pini zilizolehemiwa chini ya bodi zikigusa bati ni shoti. Pawa saplai ifunge kwenye bati hilohilo. Kabla ya kuchomeka popote, weka multimita kati ya bati na pini ya athi ya pawa saplai: isome karibu na omu 0. Hata bila athi hiyo kompyuta itawaka vizuri tu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. USB za mbele zikianza kukatika kila ukizigusa, angalia kama vichwa vyake vya chuma vimeunganishwa na bati.

Nyuma pana mtego mwingine. Dirisha la bamba la soketi (zile za madabodi zinazotokea nyuma ya kasha) ni mm 158.75 kwa 44.45, na limekusudiwa bati la kama mm 1. Ukilikata kwenye ubao wa mm 12, plagi ya HDMI inagota kwenye mbao kabla ya kufika. Kata ubao kwa nafasi ya ziada ya mm 10 kila upande, dirisha lenyewe likae kwenye bati kwa ndani.

Kwa kuta, plaiwudi ya mm 12 inashinda mbao nzima. Ubao mzima wenye upana wa mm 300 unaweza kutanuka au kusinyaa mm 2 hadi 3 kukatiza nyuzi zake hali ya hewa ikibadilika. Ukiugandisha gundi pande zote, utapasuka. Ukiung'ang'ania, matundu ya skrubu yafanye marefu kukatiza nyuzi. Mwaloni siupendi kabisa humu: unatoa mvuke wa asidi unaotia metali kutu.

Mbao hazitoi joto nje, kwa hiyo feni ndizo zote. Feni ya mm 120 ina matundu ya skrubu yaliyoachana mm 105. Kata duara zima, kisha funika kwa wavu. Yale maua ya vitundu vidogo yanavutia pichani, ila kwenye unene wa mm 12 kila kitundu ni bomba: hewa inakwama, kelele inapanda.

Ukuta wa kufunguliwa mara kwa mara upachikie nati za shaba. Skrubu zinazoingia moja kwa moja kwenye mbao hulegea upesi.

Piga msasa na vanishi vifaa vikiwa mbali, na usiviingize hadi harufu iishe. Ukitumia mafuta ya kitani, matambara yaliyolowa yatandaze nje yakauke au yazamishe kwenye maji. Yakirundikwa huwaka moto yenyewe.